Mfalme Asiyekula Samaki

Mara ya kwanza nilipoyaona maneno yangu yakitembea mjini, yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyekundu juu ya gurudumu la nyuma la pikipiki ya abiria, na chini yake pametajwa mtu mwingine. Nilikuwa nimejibanza kwenye kibaraza cha duka karibu na soko kuu, nikisubiri mvua ipungue. Pikipiki ilipunguza mwendo kwa sababu ya shimo, nami nikasoma: "Kiongozi haangalii samaki, anaangalia kamba." Halafu, kwa herufi ndogo: mfalme wa Wazulu. Mchoraji alikuwa ameongeza na ngao pembeni, ili mtu asiwe na shaka.

Dereva aliponiona nimekodoa macho, alifikiri natafuta usafiri.

"Mama, tuende? Mangobo, Kabondo, Bangboka, popote."

"Nani alikupatia maneno hii?"

"Ni ya mufalme. Haumujue? Alipiga watu yote kule chini, ku Afrika ya Kusini."

"Nauliza nani alikupatia wewe."

"Ah! Ilitoka ku WhatsApp. Bon, tunaenda ao hatuendi? Mvua inanipiga sababu yako."

Nilikataa, akaondoka na maneno yangu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilijitesa. Labda hayakuwa yangu. Labda mfalme naye aliwahi kuyasema, na mimi niliyasikia utotoni redioni nikasahau. Labda watu wawili, mmoja wa zamani na mmoja wa leo, wanaweza kufikia sentensi moja bila kuonana. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimejithibitishia kwamba mimi ndiye mwizi. Nilipomaliza kujikausha nilikuwa nimekwisha kujisafisha, na hasira ilikuwa imerudi palepale.

Nilijua yalikotoka. Katika mwaka wa tatu wa chuo, hapahapa Kisangani, tulikuwa na kozi ya uongozi. Mwalimu wetu alipenda kutueleza habari za yule mfalme shujaa wa Wazulu: jinsi alivyoufupisha mkuki ili askari wake wamkaribie adui, alivyoikuza ngao, alivyowavua askari viatu ili wakimbie zaidi, alivyowaweka vijana wa rika moja katika kikosi kimoja. Alisimulia vizuri sana. Sisi tuliokuwa tumekuja asubuhi bila chai tulijiona kikosi. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye neno la kuongeza.

Mimi si mtu wa kunyanyua mkono. Swali langu hulipanga kichwani, nikalipanga upya, nikaondoa neno moja, nikalirudisha, na nikiwa tayari wenzangu wameshatoka nje. Siku ile nilisimama kabla sijafikiri. Nikasema mimi ni binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto, na kwetu kiongozi haangalii samaki, anaangalia kamba. Mwalimu akairudia sentensi yangu polepole, kama anaionja. Watu wachache wakapiga makofi. Kijana aliyekaa kwenye benchi la mbele yangu akageuka na kalamu mkononi.

"Eh! Sema tena, niandike."

Nikasema tena. Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Kijana huyo ndiye aliyeanza, baada ya sisi kumaliza lisansi, shahada yetu ya chuo, kutuma kila asubuhi "Neno la Mfalme" katika kundi la WhatsApp la promosheni yetu, sisi tuliohitimu mwaka mmoja. Ndiyo maana nilipoisoma ile pikipiki sikuhitaji kuuliza zaidi. Nitamwita mwenzangu, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukiitana. Alitoka Yahuma, wazazi wake ni wakulima, na maporomoko yenyewe aliyaona alipokwisha kuwa mtu mzima. Ana koti moja la bluu linalomkaa kama alizaliwa nalo. Akiingia mahali, watu husogea kwenye benchi apate nafasi. Nikiingia mimi, husogea ili nipite. Huongea kwanza, kufikiri kunakuja baadaye, na mara nyingi hakuna anayegundua kwamba hakukuja.

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilisoma neno lake. Picha ilikuwa ileile, mtu mrefu mwenye ngao na manyoya kichwani, na chini yake sentensi kuhusu ujasiri, au nidhamu, au mtu anayeongoza kwa kutangulia. Nilizitazama alama za moyo zikiongezeka. Nilitazama nani ameweka. Rafiki yangu wa karibu alipoweka, sikumpigia simu kwa wiki moja, na alipouliza nina nini nilimwambia kichwa kinaniuma. Kisha kituo kimoja cha redio kikamwalika. Nilizima redio ya mama mwenzangu huyo alipoanza kuongea, nikaiwasha, nikaizima, mama akaichukua akaenda nayo jikoni.

Kumbuka kwamba mimi sikuwa na kazi. Miaka miwili nilikuwa nikiomba kazi, nikimsaidia mama kukausha samaki, na kila shangazi aliyepita alikuwa na swali moja: "Bado tu?" Basi kituo cha vijana cha parokia kilipotangaza kwamba kinatafuta mtu wa kuwaongoza vijana wake kwa mwaka mzima, nilikitaka kile cheo kuliko nilivyokuwa nimekitaka kitu chochote. Kulikuwa na chumba kidogo cha ofisi, chenye mlango na ufunguo. Nilifikiria sana ule ufunguo. Nilifikiria utakavyokuwa mfukoni.

Waliomba wengi. Tulibaki wawili, mimi na yeye.

Mama msimamizi wa kituo, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitueleza utaratibu. Jumamosi moja, mchana, kila mmoja angewapa vijana somo la uongozi mbele ya kamati. Ukumbi ungekuwa wazi kwa yeyote. Jibu lingetolewa siku ileile.

Mtu mwingine angeandaa somo. Mimi niliandaa mashtaka.

Nilienda maktaba ya chuo siku nne mfululizo. Nilipata kitabu kimoja cha historia ya watu wa kusini, mchwa wamekula pembe zake, nikakisoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Nilijifunza kwamba mfalme yule hakuacha andiko lolote. Yanayojulikana juu yake yaliandikwa na wengine: wageni waliomtembelea, watu waliokuwa na sababu ya kumchafua, wazee waliosimulia walichosimuliwa. Maneno ya hekima yanayozunguka kwenye simu zetu sikuyaona humo hata moja. Hapo nilikuwa na furaha ya kutosha, lakini siku ya nne nikafika kwenye ukurasa uliosema kwamba watu wake wa zamani hawakuwa wakila samaki. Walimwona samaki kama jamaa wa nyoka.

Niliusoma mara tatu. Nikacheka kwa sauti, mtunza maktaba akaninyooshea kidole. Mfalme asiyekula samaki! Amsahau samaki ambaye hamli, aangalie kamba ambayo hana! Nilikuwa nimemshika. Nani hasa nilikuwa nimemshika, mfalme au mwenzangu, sikujiuliza.

Ningeweza kumpigia mwenzangu simu tu. Niliandika ujumbe: "Ile sentensi ya kamba, unakumbuka ilitoka wapi?" Nikafuta, kwa sababu ilisikika kama polisi. Nikaandika: "Ndeko," yaani ndugu, "habari ya siku nyingi." Nikafuta, kwa sababu angejua nina jambo. Nilifikiri pia kuitumia sentensi yenyewe katika somo langu, na kueleza maporomoko, mitego, kila kitu. Lakini vijana walikuwa wameisoma kwenye pikipiki nusu ya mji. Wangesema nimeiiba kwa mfalme. Basi nikaitoa kabisa katika somo langu, nikajipongeza kwa ujanja huo.

Kuna jambo sijasema. Sentensi haikuwa yangu.

Kwetu uvuvi ni kazi ya miti na maji. Miti minene husimamishwa katika mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayokimbia, na kufungwa kwa kamba za msituni hadi inakuwa kama mifupa ya nyumba kubwa isiyo na kuta. Humo hutundikwa mitego, vikapu virefu vyenye mdomo mpana ambavyo maji huwasukumia samaki ndani. Mtego ukikwama, mtu mmoja hushuka majini kuufungua akiwa amefungwa kamba kiunoni, na mwingine husimama juu ya mti ameishika. Wasichana hawapandi miti. Mimi nilikuwa mwambani na mama, na beseni letu, nikimsikia papa, baba yangu, akimpigia kelele kaka yangu mkubwa: "Usiangalie samaki! Angalia kamba!" Niliisikia sauti hiyo tangu sijajua kusoma. Kaka sasa anabeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka na haangalii samaki wala kamba. Mimi ndiye niliyeichukua ile kelele, nikaipangusa maji, nikaipeleka chuoni. Na pale chuoni nilisema "kwetu". Sikusema "papa".

Papa aliposikia kwamba nitaongea parokiani, alitaka kuja. Nilimpigia pasi shati lake la misa, lile jeupe lenye mistari. Alikaa mstari wa nyuma kabisa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kupigwa picha.

Nilianza mimi. Nilikuwa na karatasi saba. Nilizungumza juu ya vyanzo. Nilieleza tofauti ya aliyeona na aliyesikia. Nilisema kwamba tunapenda kumvisha mtu mkubwa maneno yasiyo yake, na kwamba jambo hilo ni hatari, na wakati nasema nilimtazama mwenzangu, ambaye alikuwa akiitikia kwa kichwa, anakubaliana na mimi kwa moyo wote. Hilo lilinichanganya. Nikaruka karatasi mbili, nikatua kwenye samaki.

"Mfalme huyu," nilisema, "hakula samaki."

Kisha kijana mmoja wa mstari wa pili akanyoosha mkono.

"Yaya, dada yetu, kama hakula samaki, alikula nini?"

"Nyama ya ng'ombe. Na maziwa."

"Kila siku?"

"Nadhani. Walikuwa wafugaji."

"Alors, huyo alikuwa mutajiri! Tumufuate tu!"

Walicheka mpaka viti vikasogea. Mwenzangu alicheka. Papa naye, nikamwona, alicheka, akafunika mdomo aliponiona nimemwona. Nilimaliza karatasi zilizobaki kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua.

Mama msimamizi alivua miwani yake.

"Merci, binti yangu. Umetueleza vizuri kitu mufalme hakusema. Sasa wewe, unasema nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi moja tu maishani mwangu, nami nilikuwa nimeitoa kwenye somo wiki iliyotangulia. Nilitazama karatasi ya mwisho, kana kwamba huenda imejiandika yenyewe. Nikasema, "Nasema tuwe waangalifu." Nikakaa.

Mwenzangu hakuwa na karatasi. Alivua koti lake la bluu akalikunja juu ya kiti, akasimulia mkuki mfupi na ngao kubwa, akawasimamisha vijana sita bega kwa bega waonje ugumu wa kukimbia pamoja. Walianguka, wakasimama, wakaanguka tena. Sikupenda jinsi nilivyokuwa nikitaka kusimama nao. Akamaliza kwa ile sentensi. Aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa kitu cha thamani mkononi, na nilihisi masikio yanawaka. Vijana walikuwa wameijua tayari. Waliimalizia naye: anaangalia kamba!

Mama msimamizi akauliza kama kuna swali. Nyuma kabisa, mtu alisimama. Ilikuwa shati nililolipiga pasi.

"Mimi sikusoma," papa alisema. "Niko mutu ya maporomoko. Naulizaka tu. Huyu mufalme, alikuwa anaishi ku mayi, ku mto?"

"Hapana, papa," mwenzangu akajibu kwa heshima. "Ku vilima. Ku majani ya ng'ombe."

"Na alijua mambo ya kamba?"

"Alikuwa na akili ya kila kitu, papa."

"Bon. Iko sawa. Lakini alisahau nusu." Papa aligeuka, akawa anawaambia vijana badala yake. "Sisi tunasema: usiangalie samaki, angalia kamba, sababu ndugu yako iko ku mwisho ya kamba. Ukiondoa ndugu, inabakia kamba tu. Hata mbuzi iko na kamba."

Kilikuja kicheko, halafu makofi, na makofi yale hayakuwa ya mara moja yakaisha. Mwenzangu alishuka jukwaani, akaenda hadi nyuma, akampa papa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama tunavyowapa wakubwa.

"Papa, leo nasahihisha mufalme."

"Sahihisha pole pole," papa akasema. "Asikasirike. Iko na mukuki."

Sijawahi kuusikia ukumbi ule ukicheka namna hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa na karatasi saba mapajani, na nilikuwa na wivu wa watu watatu: mfalme aliyekufa zamani bila kuonja kapitene, samaki wetu mtamu, mwenzangu, na baba yangu mwenyewe. Wa baba ndio ulioniumiza zaidi. Ningeweza kuwa nimesimama mahali pake. Ile nusu aliyoisema, ya ndugu, niliisikia utotoni kinywani mwake. Sikumbuki ni lini niliikata. Nadhani nilipokuwa naisafisha kwa ajili ya chuo nilihisi inairefusha sentensi.

Kamati ilitoka kwa muda wa chai, ikarudi. Cheo kilikuwa cha mwenzangu. Mama msimamizi alisema vizuri juu yangu, alisema nina bidii ya kutafuta, na kila neno zuri lilikuwa kama kufungiwa mzigo wa kurudi nao nyumbani. Kisha akamwita papa mbele na kumwomba, Jumamosi inayofuata, awaonyeshe vijana ile kamba, kulekule kwenye maporomoko. Papa alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

Nje, chini ya ukuta wa parokia, mwenzangu alinikimbilia. Ufunguo alikuwa nao tayari kidoleni.

"Ndeko! Papa yako ni mutu kweli! Kwa nini haukusema?"

"Nilikuambia mwenyewe," nilisema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kwa miezi, na hiyo ndiyo iliyotoka. "Ile sentensi ya kamba. Ku kozi ya uongozi. Mimi nilisimama, wewe uligeuka, ukaandika."

"Mimi?"

"Wewe."

Aliweka begi lake chini, akachimba, akatoa daftari. Daftari lilelile, nililitambua kwa gamba lake lililoungua pembeni. Akafungua ukurasa na tukainama wote wawili. Juu: Mfalme wa Wazulu. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri: mkuki mfupi. Ngao. Viatu. Rika moja. Na mstari wa mwisho, bila nafasi, bila alama, sentensi yangu. Alikuwa ameiandika pale alipokuwa amefika, basi. Miaka miwili baadaye alifungua daftari, akaona orodha moja, yenye kichwa kimoja.

"Mungu wangu," alisema. "Niliifikiri ya prof." Akanitazama kwa makini, anajitahidi kweli. "Nakumbuka kuna mutu alisimama nyuma yangu. Ilikuwa wewe?"

Afadhali angekuwa ameiba. Mwizi angalau anajua nyumba aliyoingia. Huyu alikuwa ameyahifadhi maneno kwa uangalifu wote, ameyaona yanamfaa mfalme, akanisahau mimi niliyekaa nyuma yake mwaka mzima. Nilimwambia hongera. Nilimwambia tena, kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri.

Papa nami tulirudi kwa miguu, kwa njia ya kando ya mto. Alikuwa anaimba kitu puani. Nilimwacha mpaka tulipofika pale ambapo maporomoko huanza kusikika, nikasema.

"Papa, ku chuo niliwaambia maneno ile ni yangu."

"Maneno gani?"

"Ya kamba."

"Ah." Alitembea hatua chache. "Ile haiko maneno, mama. Ile ni kelele."

"Watu wanaiandika ku pikipiki, papa."

"Waandike. Mimi najua nilikuwa wapi." Akasimama, akageukia maji. "Kaka yako alipendaka sana kuangalia mutego ikitoka. Nani haangalie? Samaki inaruka, watu wanapiga kelele. Mimi niko chini, kamba inalegea. Mayi inanivuta ku miguu. Niliogopa. Nikipata kichwa inje, napiga kelele. Ni hiyo tu."

Katika kichwa changu, miaka yote, papa alikuwa amesimama juu ya mti akiamuru. Mwambani tulipokaa nilisikia sauti tu, sikuona inatoka wapi. Povu ni jingi pale. Ilikuwa sauti ya mtu aliye majini, anayemwomba mwanawe amkumbuke. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya darasa zima nikaifanya neno la wakubwa.

Ungedhani baada ya hapo wivu ulikwisha. Wiki nzima niliuota ufunguo. Nilitoka katika kundi la promosheni, nikaomba kurudishwa, nikasema nilibonyeza kwa bahati mbaya. Jumamosi niliamua kutokwenda, na ningekaa kweli, ila mama aliniwekea beseni kichwani akasema samaki hawatajileta.

Vijana walikuwa kama ishirini, wametapakaa mwambani. Mwenzangu alikuwa amevaa viatu vya mpira na kaptula. Magoti yake yalikuwa meupe, ya mtu wa shambani anayevaa suruali. Papa alimfunga kamba mkononi mara mbili, akamwonyesha pa kuweka miguu juu ya mti, akajifunga upande wa pili kiunoni na kushuka. Mtego wa kwanza ulikuwa umekwama. Tuliona kichwa chake, kisha hatukukiona.

Halafu mtego ukafunguka na kupanda kwa kishindo, na ndani yake samaki mkubwa alikuwa akiupiga kwa mkia. Vijana wakalipuka. Simu zikatoka. Mwenzangu alinyoosha shingo kama wote, akacheka kama wote, na mkono wake wa pili ukaingia mfukoni kutafuta simu. Simlaumu. Lakini mimi sikuwa namtazama samaki. Nilikuwa nimekuja kumtazama yeye akifanya vibaya, kusema kweli. Tangu afike sikuondoa macho kwenye mikono yake. Ndiyo maana niliiona kamba inalegea. Ilishuka juu ya mti taratibu, ikagusa maji.

Niliweka beseni chini. Sikufikiri, na hilo kwangu ni jambo la kuandikwa. Nilipanda mti, mara ya kwanza maishani, miguu mitupu, nikaishika kamba nyuma yake na kuivuta hadi nikausikia uzito wa papa, mtikisiko mdogo, kama mtu anayekuvuta kitambaa akuulize kitu. Niliikaza. Sikuiachia.

Papa alitokea na maji puani. Alimtazama mwenzangu, aliyekuwa na simu mkononi. Akaifuata kamba kwa macho, kidogo kidogo, mpaka kwangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, papa."

"Shika basi. Kuna ya pili." Akavuta pumzi, akashuka tena.

Jioni mwenzangu aliniandikia, mimi peke yangu. Alikuwa na picha nzuri ya siku, alisema, na angeituma na ile sentensi nzima, pamoja na ndugu. Aandike ni ya nani? Nilikaa na swali hilo mpaka maharagwe yakaungua. Jina langu lilikuwa hapo, tayari, kidole changu kilikuwa juu ya herufi ya kwanza. Nikaandika: ya papa.

Kesho yake, Jumapili, ikaja. Hapakuwa na ngao wala manyoya. Papa amesimama na maji yanamtiririka, samaki mikononi, vijana wamemzunguka, mwenzangu ameinua kidole gumba. Chini yake maneno yote, na jina la baba yangu. Alama za moyo zilipanda kuliko zilivyowahi kumpandia mfalme. Mimi nilikuwa nimekatwa. Ukingoni kushoto ilionekana mikono miwili tu, na kamba. Niliikuza picha hadi mikono ikageuka vipande vya rangi, nikairudisha, nikaikuza tena.

Baadaye mmoja wa promosheni, mtu ambaye hatujasalimiana tangu chuo, aliandika: "Mikono ya nani hiyo ku kamba?"

Hakuna aliyejibu. Nilisubiri mwenzangu ajibu; alikuwa anaonekana yupo hewani. Niliandika maelezo ya mistari sita, nikafuta. Niliandika kwamba haina maana, nikafuta. Kisha nikaandika neno moja, "Yangu," na kabla sijalisoma upya nikalituma.

Moyo ulikuja mmoja, wa mwenzangu. Nilisubiri mwingine mpaka simu ikaisha chaji.